Ng'ombe wa Baba na Ndege ya Serikali

Majina siyataji, ya watu wala la ng'ombe. Waliokufa wana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini mambo yenyewe nitayasema yote, kwa sababu huyu ninayemsema alipata umri mrefu na heshima nyingi, na kila nilipomsikia akisifiwa nilikuwa nikiuma meno.

Nyumba yetu ilikuwa Wingwi, ubavuni mwa uwanja wa mchezo wa ng'ombe. Uwanja ule ulikuwepo kabla hajazaliwa babu yangu. Ukishapita msimu wa karafuu, watu walitoka Shumba, wengine Wete, wakaja kutazama. Ng'ombe hutiwa kamba ndefu, zumari ikalia, na mwanamme mwenye moyo huingia mbele yake na kitambaa cheupe mkononi. Humpungia na kumchokoza, ng'ombe akija humkwepa, na wanawake huimba kwa kumsifu au kumcheka.

Baba alikuwa na ng'ombe aliyependwa na mahasimu zake pia. Alimlea tangu ndama, akimlisha maganda ya ndizi kwa mkono wake. Zizini alikuwa mpole, mimi nilikuwa nikimkuna shingo kila asubuhi. Lakini akiona kitu cheupe kinachopepea, akili zilimtoka. Mama alikuwa haaniki kanzu za baba upande wa zizi, na mgeni akija na kanzu mpya tulimpitisha mlango wa nyuma.

Upande wa pili wa uwanja serikali ilijenga skuli, na aliyeletwa kusomesha alitoka Unguja mjini. Tulimwita Maalim, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa kijana mrefu, msafi, mwenye sauti nzuri ya kusoma Kurani. Aliupenda mchezo wa ng'ombe kuliko wenyeji. Msimu mmoja aliingia uwanjani yeye mwenyewe na leso nyeupe, mbele ya ng'ombe wa baba, na alipofukuzwa aliruka ua akaangukia kwenye matope. Watu walicheka na yeye akacheka. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba Maalim hakujua kitambaa cheupe kilikuwa nini kwa ng'ombe yule.

Miaka michache kabla ya vita vya pili, ikaja habari kwamba serikali inatafuta mahali patambarare kisiwani, ili ndege ikipatwa na shida juu ya bahari iwe na pa kutua. Uwanja wetu ulipendwa. Rubani angekuja kuujaribu, na Mudiri, mtawala wa serikali upande wetu, angekuwepo na wageni wake. Kwa kuwa uwanja uligusana na skuli, na Maalim ndiye aliyesoma, usalama wa siku hiyo ukatiwa mikononi mwake.

Sitamnyima haki yake. Kazi aliifanya kama ibada. Vichuguu vilivunjwa, mashimo ya kwato yakajazwa udongo na watoto wa skuli wakapita juu yake kwa mistari, wakikanyaga. Minazi ya mwisho wa uwanja ilikatwa, na wenye minazi walinung'unika mpaka wakachoka. Waliozoea kuanika karafuu pale waliambiwa wakusanye majamvi yao. Vishada wanavyorusha watoto vilipigwa marufuku, akavikusanya na kuvitundika ukutani mwa skuli, maana uzi wa kishada ukinasa kwenye rafadha ya ndege, alisema, balaa lake si dogo. Sisi wanawake tulitakiwa tufunge kanga vizuri zisipeperuke. Na alirudia kila siku kwamba mtu yeyote asiikimbilie ndege kwa furaha, kwa sababu rafadha ikizunguka haionekani, na mtu hukatwa na kitu asichokiona.

Pembeni paliwekwa makumbi mabichi ya nazi, yachomwe yatoe moshi, rubani ajue upepo unatoka wapi. Katikati ya uwanja ingetandikwa bafta nyeupe, vitambaa virefu vilivyopishana, iwe alama ya kwamba hapa ndipo pa kutua. Watu walisimama wakimtazama akipima na kupanga, wakasema huyu kweli kasoma. Mimi pia nilisema.

Alasiri ya kuamkia siku yenyewe Maalim alikuja kwetu. Baba alikuwa barazani. Mimi na mama tulikuwa ndani tukikuna nazi, nyuma ya ukuta wa makuti, na ukuta wa makuti hauzuii neno.

"Maalim," baba alisema, "huyu wangu nnamtoa kuno. Alfajiri ntampeleka Shumba kwa shemegi yangu, mpaka hao wageni wende zao. Bafta ile akiiona hashikiki."

Maalim alicheka. "Usimpeleke popote, Mzee. Ndege ikishatua, Mudiri na wageni wake wanataka kuona mchezo. Nimeshawaahidi ng'ombe wako. Mwache zizini, mtie kamba mbili."

"Kamba ntamtia. Lakini bafta, Maalim. Weye wamjua."

"Kesho mwenye uwanja ni mimi. Nakwambia mwache."

Baba akasema, "Haya." Mama aliacha kukuna, akanitazama, akatikisa kichwa. Baba hakuwa mtu wa kubishana na mwenye kusoma, na alipenda pia ng'ombe wake aonwe na wakubwa. Hilo la pili nilikuja kulijua baadaye, na silihesabu kuwa dhambi.

Siku ya pili watu walijaa tangu jua halijapanda. Watoto wa skuli walisimama nyuma ya kamba iliyofungwa kwenye vigingi, kimya kabisa. Makumbi yalichomwa, moshi ukalala upande wa kusini. Bafta ilitandikwa. Kwanza ilikandamizwa kwa mawe, kisha Maalim akaona kuwa mawe yataumiza magurudumu, akayaondoa akaweka vijiti vya kuchomeka ardhini. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wetu, karibu na zizi, na ng'ombe alikuwa ametulia akicheua.

Ndege ikaja na mngurumo wake. Ilizunguka juu yetu, ikaenda hadi baharini, ikarudi chini chini. Wanawake walisoma aya walizozijua. Magurudumu yalipogusa ardhi tu, upepo wake ukakitoa kijiti kimoja, na kipande cha bafta kikainuka kikaanza kupepea.

Nilimwona ng'ombe anaacha kucheua. Kamba zote mbili zilikatika, ua wa zizi ukaanguka pamoja nami, na nilipoinua kichwa alikuwa keshafika katikati ya uwanja. Ndege hata hakuitazama. Alikuwa na bafta tu, ameitia pembe, anaitupa juu, imemfunika macho. Rubani aliigeuza ndege pembeni, ubawa ukagusa chini ukavunjika, na gurudumu likampitia ng'ombe miguu ya nyuma.

Rubani alitoka na damu usoni, anatembea. Hapana mtoto aliyevuka kamba, hata mmoja. Hilo nalo ni la Maalim, nalisema.

Baba alitoka mbio na kisu. Ng'ombe alikuwa hai, anajaribu kuinuka kwa miguu ya mbele. Askari aliyekuja na Mudiri alikuwa keshainua bunduki. Baba alimwomba, mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akimwomba mtu: "Bwana, nipe nafasi nimchinje. Nimchinje tu." Askari akapiga.

Asiyejua mambo yetu anaweza kuona ng'ombe ni ng'ombe, kafa kwa kisu au kwa risasi. Yule aliyelelewa kwa mkono akawa mzoga. Nyama yake ikawa haramu, hapana nyumba iliyoweza kuonja, hapana jirani wa kupelekewa. Na kwa kuwa rubani aliagiza uwanja usafishwe, baba aliambiwa amzike mwenyewe. Alichimba kutwa. Maalim alisimama juu yake akimwambia ashindilie udongo vizuri, pasibaki bonde. Nilisimama uani nikimtazama mtu yule anavyoashiria kwa kidole, hapa na hapa, na kitu kikaingia moyoni mwangu ambacho hakijatoka.

Mudiri alikaa kusikiliza kesi. Maalim aliulizwa kwa nini mnyama alikuwa karibu na uwanja. Alisema, "Nilimwamuru ampeleke Shumba kwa shemeji yake. Akakaidi, kwa tamaa ya kumwonyesha kwa wageni."

Alichukua maneno ya baba kinywani mwa baba, Shumba na shemeji vyote, akayavaa yeye. Baba alieleza kweli. Mudiri akamuuliza nani alisikia. Baba akasema, mke wangu na binti yangu, walikuwa ndani. Mudiri alisema hatawatoa wanawake ndani kwa habari ya ng'ombe, na pengine alidhani anatufanyia heshima. Baba akafungwa. Maalim akapata barua ya shukrani kwa kuwa watoto wa skuli walisalimika.

Baba alirudi kutoka kifungoni amekonda, anaficha mikono. Hapana mtu aliyemtukana. Watu wetu hawatukani, humwacha mtu peke yake tu. Ubawa ulichukuliwa, ndege ikaondoshwa vipande vipande, na serikali ikatafuta mahali pengine. Waliotarajia kuwa uwanja ungeleta barabara na duka walimhesabia baba kosa hilo. Wenye ng'ombe walihamishia mchezo kwingine na hawakumpelekea habari. Ukipita njiani ulisikia, "Yule ndiye aliyeangusha ndege." Akitoka kuswali hakai tena barazani na wenzake, huja moja kwa moja nyumbani na kukaa mbele ya zizi tupu.

Mimi nilimchukia Maalim kwa bidii, kama watu wengine wanavyoswali sunna. Nikitwanga, namtwanga yeye. Nikipasua kuni, ni yeye. Nilimwombea dua mbaya mpaka nikaona haya mbele ya Mungu, nikapumzika, kisha nikaendelea. Na yeye alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu kila siku kwenda skuli, akiitikia salamu za watu kwa sauti ile nzuri.

Kisha akaniposa.

Alituma wazee wawili, kwa adabu zote. Mpaka leo sijui kilichomtuma. Labda roho ilimsuta akaona atalipa kwa njia ya kumfanya baba mkwewe. Labda aliona mtu aliyenioa mimi hataogopa tena mdomo wangu. Labda alinitaka tu, nilikuwa msichana wa kutazamwa. Sikujali ni lipi.

Baba alifurahi. Hilo liliniuma kuliko kifungo. "Akiwa nkwe wangu," alimwambia mama, "watu watasema yamekwisha. Hapana ntu atakayesema mie n'liangusha ndege, na mwenye uwanja kaoa kwangu."

Mama alinifuata jikoni. "Weye wamtaka?"

"Mama, niache n'nyamaze kwanza."

Alinitazama sana. "Una jambo."

"N'nalo."

Hakuuliza tena. Alikwenda kuchambua mchele wa arusi, na nilimsikia anaimba, jambo ambalo hakulifanya tangu baba alipofungwa.

Kwetu, siku ya kuozesha, bwana arusi na wageni hukaa nje na shehe, na bibi arusi hukaa ndani. Baba humwendea na mashahidi wawili, husimama mlangoni, humuuliza kama anaridhika. Mwanamwali hajibu. Huinamisha kichwa, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Mashahidi husikiliza kimya kile, kisha hurudi nje, ndoa ikafungwa. Nilikuwa nimeyafikiria sana mambo haya. Wanaume waliokataa kuniita mbele ya Mudiri sasa sheria inawaleta mlangoni mwangu, wasimame, wasubiri nitakalosema. Nilijua haitatokea mara ya pili.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Wageni walijaa uani na barazani, Wingwi nzima na Shumba, na watu wa kwao Maalim kutoka mjini. Pilau ilikuwa imeiva. Baba alisimama mlangoni amevaa kanzu ya kuazima, na mashahidi wawili, mmoja wao Sheha wetu, mkuu wa kijiji, mzee mkavu asiyecheka.

"Mwanangu," baba alisema, "Maalim kakuposa, na mie n'meridhia. Wan'wakilisha nikuoze?"

Waliinama kusikiliza nikinyamaza.

"Baba," nilisema, "kabla sijajibu n'na neno."

Baba alishtuka. "Nyamaza, mwanangu."

"Maalim asimame mbele ya hao watu waliokuja, aseme alikwambia nini barazani ile siku ya kuamkia ndege. Habari ya ng'ombe. Akishasema, njooni tena mniulize."

"Usinivunjie hishima mbele ya watu."

"Hishima yako anayo yeye, baba. Aitoe."

Baba alitaka kuufunga mlango. Sheha akamshika mkono. "Mwachie," alisema. "Sheria yampa kusema, nasi tumeletwa kuno tusikie." Wakatoka.

Nilikaa juu ya kitanda na hina yangu, mama amesimama nyuma yangu, mkono begani. Nje Sheha alirudia maneno yangu yote, hakupunguza wala hakuongeza. Nilimsikia Maalim akikohoa. Nilimsikia mzee mmoja wa mjini akimnong'oneza asiseme, waondoke. Alikuwa na nafasi ya kuondoka. Lakini kuondoka mbele ya watu wale kungekuwa jibu pia.

"Nilimwambia amwache," Maalim alisema.

"Sisi wa nyuma hatukusikia," mtu mmoja alisema, na naomba Mungu amrehemu popote alipo.

"Mzee alitaka kumpeleka Shumba. Mimi nikamkataza. Nilitaka wageni waone mchezo. Mbele ya Mudiri nilisema uwongo." Sauti ile nzuri ilikuwa imekwisha. "Niliogopa kufungwa."

Mama alinibana bega mpaka ikaniuma. Sikulia. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo siionei haya, ilinijaa mwili mzima na nilitamani aseme tena, mara ya tatu, nyumba kwa nyumba mpaka Chake.

Baba alirudi na mashahidi. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuwa akiufuta. "Keshasema, mwanangu," aliniambia. "Kasema yote. Basi wan'wakilisha?"

"Simtaki."

Baba hakuelewa. "Kasema, mwanangu. Ulilolitaka kalifanya."

"Nimemsikia. Simtaki, baba, na wala sitamtaka. Kamwambieni."

Sheha aliinama kidogo, kama alivyokuwa ameinama kusikiliza kimya changu, akasema, "Tumesikia." Akaenda akamwambia, mbele ya wote. Mama alitoka nyuma yake na kuanza kupakua pilau, akisema hapana chakula kitakachotupwa katika nyumba hii, na watu, ambao njaa ilikuwa imewashika, walikaa makundi makundi wakanawa mikono.

Mimi nilikwenda kwenye ukuta, nikapenua makuti nitazame. Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nikiingoja. Kwetu mgeni haondoki peke yake, hata awe mchuuzi wa samaki. Mwenye nyumba huinuka, humsindikiza mpaka njiani. Na hapa hapana aliyeinuka. Watu wa mjini walikuwa wameshatangulia kwa aibu, hawakumngoja. Maalim alisimama na joho lake la arusi kati ya watu waliokuwa wakila, anatafuta viatu vyake, na hapana aliyemwonyesha viko wapi. Aliviona, akavivaa, akaanza kuondoka. Nilitaka aende vile vile, peke yake, uwanja mzima, watu wote wakimtazama mgongo, kama baba alivyorudi kutoka kifungoni.

Ndipo nikamwona baba anainuka. Aliweka tonge chini, akanawa, akamfuata, akamfikia kwenye kona ya ua. Sikusikia walichosema, kama walisema. Baba alimshika mkono wakaenda bega kwa bega, polepole, katikati ya uwanja, akamfikisha mpaka mlangoni mwa skuli kama mgeni yeyote.

Nilipiga ukuta kwa ngumi mpaka makuti yakapasuka, maana mtu aliyesindikizwa na baba hapana ambaye angemtenga tena. Baba alirudi akaketi kwenye kundi lake, watu wakamsogelea, wakamwekea nyama mbele yake, wakamwita kwa jina lake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na kila aliyepita alimsalimia. Mimi nilimpikia na kumfulia, nikamuuguza mpaka siku yake ya mwisho. Lakini kusindikizana kule sijamsamehe.